Namna ya Kuwa Daktari wa Saikolojia Kando ya Ziwa, Ukianza na Viatu

Nunua viatu kwanza. Kompyuta utaipata baadaye, hata ya mkopo. Anayetaka shahada ya uzamivu ya saikolojia huku kwetu Mwanza atapanda kilima cha Bugando na kushuka, atakwenda Malimbe na kurudi, atavuka maji kwenda Ukerewe, na katikati ya safari hizo atapanda ngazi za ofisi ambazo hakujua kama zipo. Viatu viwe na soli ngumu kwa ajili ya mawe ya Mabatini, na viwe vya heshima, maana kesho yake utaketi mbele ya Katibu Tawala.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa malezi wa sekondari ya kata. Ni yule anayeletewa kila mtoto anayelia, anayezimia, anayetoroka, au aliyeacha kuongea tangu baba yake afariki, kisha anaambiwa, "Mwalimu, hebu ongea naye." Hakuna aliyekufundisha uongee nini. Umekuwa ukitumia busara ya mama yako, na mara nyingi imefaa. Lakini iko siku mtoto atakueleza jambo ambalo busara ya mama haikuwahi kulifikia. Siku hiyo utatamani kusoma, na mimi nakuomba usome mpaka ngazi ya juu kabisa, mpaka uitwe Dokta.

Usijione mdogo kwa kuwa unashika chaki. Taaluma hii imeanzia mikononi mwa mwalimu. Mwaka 1896, huko Philadelphia, Marekani, mwalimu mmoja alimpeleka mwanafunzi wake kwa Lightner Witmer wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kijana hakuwa mjinga, ila tahajia ilimshinda kabisa. Witmer alimpima, akakuta tatizo la macho, wakamtafutia miwani na mtu wa kumfundisha. Kliniki ya kwanza ya saikolojia ikazaliwa hapo, kwa sababu ya mtoto wa shule. Mtu akikuambia kwamba mwanasaikolojia wa hospitali na wa shule ni watu wa nyumba mbili, mkumbushe kwamba walizaliwa chumba kimoja.

Kifuate kikao cha familia. Sema mapema, kabla chai haijaisha, mambo utakayoyafanya na usiyoyafanya. Hutasoma mawazo ya mtu. Hutaandika dawa, dawa huandikwa na daktari wa magonjwa ya akili, na wewe utafanya kazi bega kwa bega naye. Hutatoa pepo. Baba mdogo atauliza, "Sasa mwanangu, miaka yote hiyo, utatibu kwa kutumia nini?" Mjibu ukweli: "Kwa kusikiliza, baba, na kupima, na kumfundisha mtu namna ya kuishi na kinachomuumiza mpaka kilegee. Na imethibitika kwamba watu wanapona." Mjomba atacheka. Mwache acheke. Baadaye, wenzake wakiwa bado sebuleni, mke wa mjomba atakufuata nyuma ya nyumba, ncha ya kanga ikiwa mdomoni, akueleze habari za binti yake asiyelala. Huyo ni mtu wako wa kwanza, na hujapata hata barua ya udahili. Msikilize, kisha msindikize mpaka hospitali ya Bugando. Usijaribu kumtibu ndugu yako.

Sasa chuo. Hapa sikufichi. Shahada ya uzamivu kwenye vyuo vyetu ni ya utafiti: unaandika tasnifu, unaitetea, unavaa joho. Kumhudumia mgonjwa hufundishwa ngazi ya chini yake, kwenye uzamili wa saikolojia tiba pale MUHAS, Muhimbili. Ukiruka ngazi hiyo, ukatoka uzamili wa elimu moja kwa moja mpaka uzamivu, utaitwa daktari wa saikolojia na hutakuwa umewahi kukaa na mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Usiruke. Panda basi, nenda Dar es Salaam, usome uzamili wenye wagonjwa ndani yake, kisha urudi ziwani na swali la utafiti lililotoka kinywani mwa mgonjwa. Mwenye uwezo wa kwenda Nairobi ana njia nyingine: USIU-Africa wana udaktari wa saikolojia tiba wa aina ya PsyD, ulioelekezwa kwenye kutibu, na Daystar wana PhD ya saikolojia tiba. Makerere nao wana shule nzima ya saikolojia. Kenya wametutangulia kwa jambo jingine pia. Tangu 2014 wana Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia, inayosema nani anastahili jina hilo na nani awajibishwe akivuruga. Tanzania tunaihitaji yetu, maana aliyeumizwa na mtu asiyejua kazi hii hana jeraha la kuonyesha polisi.

Kuunganisha utafiti na tiba ni hoja ya zamani. Mwaka 1949 wanasaikolojia wa Marekani walikutana Boulder, Colorado, wakakubaliana kwamba daktari wa saikolojia tiba afundishwe vyote viwili, na kwamba kabla ya kumaliza atumie mwaka mzima akihudumia watu chini ya uangalizi. Mwaka huo wa uangalizi ndio nyama ya mafunzo. Tasnifu inaweza kuandikwa usiku peke yako. Kumsikiliza mtu hujifunzi peke yako.

Kwa hiyo tafuta wasimamizi wawili, hata kama fomu ya chuo ina nafasi ya mmoja. Wa kwanza ni wa tasnifu. Utamtambua kwa kuwa anasoma sura ya pili kabla ya kuikosoa. Wa pili ni wa kazi, na huyu ndiye adimu: mtu atakayekaa nawe chumbani, akusikilize ukimhoji mama mwenye majonzi, kisha mkibaki wawili akuulize kwa nini ulimkatiza pale alipotaja jina la mtoto wake. Utajitetea kwamba ulitaka kumaliza dodoso. Atanyamaza akutazame. Swali lake lile moja utakwenda nalo miaka yote ya kazi. Kusomea tiba bila msimamizi wa namna hii ni kujifunza kupiga kasia ukiwa stendi ya Buzuruga.

Namna ya kumpata ni hii. Bugando ilifunguliwa 1971 na hupokea rufaa kutoka Kanda ya Ziwa nzima. Sensa ya 2022 ilihesabu watu karibu milioni 3.7 katika mkoa wa Mwanza peke yake, achilia mbali Geita, Mara, Simiyu, Shinyanga na Kagera. Mtaalamu wa afya ya akili aliyeko pale amezungukwa. Usimwendee na ombi pana la "kusimamiwa". Omba saa moja, siku moja ya wiki, na uje na kesi moja iliyoandikwa vizuri, isiyo na jina wala kijiji cha mgonjwa. Mtu aliyechoka hulikubali ombi lenye mipaka. Ukimkosa Bugando, jaribu hospitali ya Sekou Toure. Ukikosa kote, unganeni wanafunzi wawili watatu, mtafute msimamizi wa Muhimbili au Nairobi, mkutane naye kwa video. Kusimamiwa kupitia skrini ya simu kuna mapungufu, lakini mgonjwa wako atakuwa salama zaidi kuliko ukiwa peke yako.

Baada ya hapo huja mihuri. Utaanza na kibali cha maadili, kutoka kamati ya pamoja ya CUHAS, chuo kikuu cha afya, na hospitali ya Bugando, au kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Ukishakipata utakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, atakayekuandikia uende kwa Katibu Tawala wa Wilaya, atakayekutuma kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, atakayekuelekeza kwa Afisa Elimu, atakayekutaka umwone Mtendaji wa Kata, mpaka umfikie mkuu wa shule, ambaye kwa haki yake kabisa atakuuliza kama una barua. Beba nakala. Beba nakala za nakala. Weka kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu mvua ya ziwa haina taarifa.

Mihuri hiyo usiidharau. Mtoto wa kidato cha pili anahitaji watu wengi wa kumlinda dhidi ya mgeni mwenye madodoso. Na benchi la nje ya ofisi ni darasa. Utaketi na mama anayefuatilia mirathi, na mzee ambaye mwanawe haonekani tangu Krismasi. Hawasemi "nina sonona". Wanasema mawazo yamewazidi, usingizi umekata, moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu, kichwa kinawaka moto. Yashike maneno hayo, uyaache majina. Wakati wa kutengeneza dodoso ndiyo yatakayokuokoa.

Na kwenye vipimo ndipo nataka ukae sana, maana hapa ndipo watoto wetu wameonewa. Kipimo kilichotengenezwa kwa watoto wa mji wa mbali hupima kwanza umbali kati ya mtoto na mji huo. Nenda mwalo wa Kirumba asubuhi, dagaa wakiwa wameanikwa. Mtazame msichana wa darasa la tano anayemsaidia bibi yake. Anachagua dagaa kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukipokea pesa, anarudisha chenji ya wateja watatu bila kuandika, na anajua kwa kuangalia mawingu ya upande wa Ukerewe kwamba turubai litandazwe sasa. Mlete huyo darasani, mpe karatasi yenye maumbo ambayo hajawahi kuyaona, mpe dakika chache na mgeni mwenye saa mkononi. Atapata alama ndogo, na mtu ataandika kwenye faili kwamba uwezo wake ni hafifu. Faili hilo litamfuata.

Jambo hili limepimwa papa hapa ziwani. Kule Usenge, upande wa Kenya, Robert Sternberg na wenzake, akiwemo Profesa Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, waliwapima watoto wa miaka 12 hadi 15 ujuzi wao wa dawa za miti shamba, kisha wakawapima masomo ya shule. Matokeo waliyoyachapisha 2001 yalikuwa kinyume na matarajio ya wengi: waliojua sana dawa walielekea kupata alama ndogo kwenye vipimo vya shule. Akili ilikuwepo, ila imewekezwa mahali ambapo mtihani haukutazama. Mwaka uliofuata kundi hilohilo, pamoja na Watanzania, lilichapisha utafiti wa Bagamoyo. Walimpima mtoto, wakamfundisha kidogo namna ya kufikiri juu ya maswali, wakampima tena. Alama zilipanda, na alama za baada ya kufundishwa zilieleza uwezo wa mtoto vizuri zaidi kuliko za kwanza. Zambia wana kipimo kinachoitwa Panga Muntu: mtoto hapewi kalamu, anapewa udongo wa mfinyanzi na kuambiwa aumbe mtu. Kwa watu wazima, Sylvia Kaaya na Jessie Mbwambo wa Muhimbili, pamoja na wenzao, walichapisha 2002 kazi ya kuhakiki orodha ya dalili ya Hopkins kwa wajawazito wanaoishi na VVU Dar es Salaam, badala ya kuichukua ilivyo na kuitafsiri tu.

Ikiwa hujui tasnifu yako iwe juu ya nini, ndiyo hiyo. Chukua kipimo kimoja, kihakiki kwa watoto wa Sengerema, Magu na Ukara, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma na kwa Kikara. Utakuwa umeacha kitu kitakachotumika na kila mwalimu baada yako. Na asikuambie mtu kwamba utafiti mkubwa ni wa Dar. Jaribio la kutibu magonjwa ya zinaa vijijini mkoani Mwanza, lililotangazwa 1995, lilionyesha maambukizi mapya ya VVU yakipungua kwa takriban asilimia 40, na dunia nzima ililisoma.

Halafu nenda kwa waganga. Nenda kwa adabu, asubuhi, ukiwa na zawadi ndogo na muda mwingi, salamu iwe ya Kisukuma, "Mwangaluka." Huendi kupiga ramli wala kubishana. Unakwenda kwa sababu wagonjwa wako wapo pale. Utafiti wa Ngoma, Prince na Mann, uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa 2003, ulikuta matatizo ya kawaida ya afya ya akili kwa asilimia 48 ya waliokwenda kwa waganga wa jadi, mara mbili ya asilimia 24 iliyokutwa kwenye vituo vya afya. Karibu nusu ya walioketi ukumbini kwa mganga ni wateja wako. Mkubaliane jambo moja tu kwa kuanzia: anayetaka kujiua, anayeanguka kifafa na asiyekula kwa siku kadhaa aletwe hospitali siku hiyohiyo. Na pale mganga anapomtaja bibi kizee wa jirani kuwa mchawi, simama wima ukatae hadharani. Kanda hii imezika wazee wengi kwa maneno ya namna hiyo, na ndugu zetu wenye ualbino pia. Daktari wa saikolojia anayenyamaza hapo hajahitimu.

Turudi shuleni. Omba kuonyeshwa chumba cha unasihi. Mara nyingi utaonyeshwa stoo: majembe, mipira iliyopasuka, maboksi ya chaki, na kiti kimoja. Cha pili utakwenda kukiazima ofisini, na kila mtu atajua kuna mtoto anakwenda kuongea. Mlango haufungi. Ukitaka kujua kwa nini mtoto hakuambii kitu, kaa wewe kwenye kiti hicho, mlango ukiwa wazi na kidato cha tatu wakipita kwenda maabara. Kabla ya nadharia yoyote nunua komeo, pazia, na kiti cha pili. Naapa hakuna sura ya tasnifu yako itakayowasaidia watoto wale haraka kuliko komeo.

Na fimbo. Kanuni zetu zinaruhusu viboko visivyozidi vinne kwa idhini ya mkuu wa shule, na kila mwalimu anajua hesabu halisi ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Huwezi kumwambia mtoto afungue moyo wake saa nne, saa sita akuone na fimbo mkononi. Chagua. Usiwasimange wenzako, wana madarasa ya wanafunzi 80 na mishahara ya kuhesabu. Wape njia nyingine. Mabula Nkuba wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam na wenzake walichapisha 2018 jaribio la shule za sekondari za umma hapa nchini: walimu walipata mafunzo ya takriban wiki moja ya namna ya kuishi na wanafunzi bila ukatili, na ukatili ukapungua. Wiki moja. Mwalimu aliyepunguza fimbo kwa sababu amepata kitu bora zaidi hairudii kirahisi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo fomu ya maombi haitakuuliza, nalo ni ziwa lenyewe. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, na mamia walikufa. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na Ukara, zaidi ya watu 220 wakafa, wengine wakiwa na mizigo ya gulio. Ndege ikaanguka majini Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wakafa 19. Kila mara tulichimba makaburi vizuri, tuliomboleza vizuri, viongozi walikuja. Kisha matanga yakaisha, na mtoto aliyeogelea kutoka ndani ya kivuko akarudi darasani Jumatatu akakaa dirishani, upande wa maji. Mwalimu wake alikuwa wewe. Ukiwa unaandika kwenye fomu kwa nini unataka kusoma, andika habari za mtoto yule, uache maneno makubwa.

Ukifika siku ya kutetea tasnifu, vaa vilevile viatu. Watahini watauliza juu ya sampuli, juu ya mipaka ya utafiti, juu ya nukta na mkato. Jibu kwa utulivu. Ukishinda, shangazi atapiga vigelegele, na wiki itakayofuata atakuletea kadi yake ya presha. Msomee namba, mpeleke kliniki, usimwambie kwamba wewe si daktari wa aina hiyo. Kwake wewe ni Dokta, na amefika salama.

Kisha rudi. Hili ndilo gumu kuliko yote niliyoyaandika. Dar watakutaka, mashirika yatakuwekea gari, Nairobi watakupa ofisi yenye kiyoyozi. Shule ya umma haina nafasi ya ajira ya mwanasaikolojia. Kazi imewekwa juu ya mabega ya mwalimu mwenye vipindi vyake vyote. Kwa hiyo kurudi kwako kutakuwa pia kudai. TAMISEMI na Wizara ya Elimu waweke nafasi hiyo kwenye muundo wa utumishi, hata mtu mmoja kwa kila halmashauri kwa kuanzia, mwenye mshahara, pikipiki na chumba chenye mlango unaofungika. Nafasi zikiwepo, watu watasoma.

Na kwa wakuu wa vyuo vyetu viwili nina ombi. CUHAS mnao wagonjwa na madaktari. SAUT, kule Malimbe, mnao walimu na shule za mazoezi. Wote mko mji huu mmoja, wa kanisa moja. Ketini meza moja mtengeneze shahada ya uzamivu ya saikolojia yenye mwaka kamili wa kazi chini ya msimamizi, miezi sita wodini Bugando na miezi sita kwenye shule za Ilemela na Ukerewe. Mwanafunzi wa kwanza nimeshamtaja: ni mwalimu wa malezi, na ana viatu.